Kamba ya Jumamosi

Kabla kiwanda hakijaja, hakuna aliyekuwa akiuliza mchezo wa kamba unaanza saa ngapi. Ulianza watu wakifika, ukaisha watu wakichoka. Mavuno yakishaingia ghalani na majembe yamepumzika, mtaa wa juu na mtaa wa chini walikutana kwenye uwanja uliokuwa katikati yao, kila mtaa umebeba nusu yake ya kamba. Nusu hizo zilifungwa fundo mbele ya macho ya wote, na hapo tena hakuna mzee wala kijana, mke wala mume. Mwenye mikono anashika. Ukiona upande wako unaburutwa, unapaza sauti: "Shemeji, unatazama nini? Njoo huku!" Na shemeji anaacha alichokuwa akifanya, anakuja mbio.

Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, imesukwa kwa mikono na wanawake wa mitaa yote miwili. Haikuwa kamba ya kukatika kimyakimya. Iliguna kwanza, kisha ikaanza kumenyeka uzi mmoja mmoja, na mwenye akili alijiandaa kuanguka. Ikishakatika, mitaa yote miwili inakaa chini kwa makalio, vumbi hadi kwenye kope, watu wanacheka mpaka mbavu zinawauma.

Mama Pacha alipata mume kwenye kamba hiyo. Yeye alikuwa msichana wa mtaa wa chini, mume ni wa mtaa wa juu, na siku hiyo mtaa wa juu uliburutwa vibaya.

"Wenzangu waliposwa," alikuwa akiwaambia binti zake, wale pacha waliompa jina. "Mimi baba yenu nilimvuta mwenyewe, akaja mzima mzima."

"Niliachia kusudi," mumewe alijibu kila mara.

"Mwongo! Viatu vilibaki nyuma, ukaja peku."

Mume huyo watu walimwita Nanga. Nafasi yake ilikuwa mkiani kabisa mwa kamba, na akishakita visigino chini, kumng'oa pale ni kazi ya mtaa mzima. Alikuwa mtu mpana, mpole, anayependa kulala mchana na kubeba watoto wa watu mabegani.

Kisha kiwanda kikaja. Kilikuwa kiwanda cha kamba na magunia, na hilo halikumshangaza mtu, kwani mkonge ulikuwa umejaa kila upande. Kilichowashangaza ni king'ora. Kililia alfajiri, kikalia mchana, kikalia jioni, na kila kilipolia watu waliinuka au waliketi. Mama Pacha na mumewe waliandikwa wote wawili, kwenye chumba cha kusokota, ambako vumbi la katani lilielea hewani kama ukungu na mtu akitaka kuongea na mwenzake ilibidi amtie mdomo sikioni.

Mwaka wa kwanza, mavuno yalipoingia, mitaa ilibeba kamba yake ikaenda uwanjani kama kawaida. Ilikuwa Jumanne. Nusu ya mashine zilisimama bila mtu. Kesho yake waliokwenda kwenye kamba walikuta lango limefungwa, na wengine halikuwafungukia tena.

Mwaka wa pili hakuna aliyekwenda.

Msimamizi wa chumba cha kusokota alikuwa mtu mwembamba, msafi, ambaye kwa sababu ya makelele alitembea na filimbi shingoni. Wafanyakazi walimwita Bwana Filimbi, na yeye alilijua jina hilo wala halikumkera. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiwauliza watu hali za wagonjwa wao na kusubiri jibu. Ni yeye aliyekwenda kwa wakubwa akawaambia kwamba watu wasiocheza huharibu kazi, na ni yeye aliyerudi na habari njema: Jumamosi king'ora kitalia mapema, na baada ya king'ora, kamba itavutwa.

Watu walipiga vigelegele. Mama Pacha naye alipiga.

Uwanja ulisawazishwa kwa buldoza, ukachorwa mistari ya chokaa. Ukazungushiwa mabati, marefu kupita kimo cha mtu, na ndani yake yakajengwa majukwaa ya mbao. Kila idara ikatoa timu ya wanaume wanane, wamepimwa uzito, wamevaa jezi. Mama Pacha alikwenda kuandikisha jina lake pamoja na somo yake, rafiki yake wa karibu muuza mkaa ambaye zamani walivuta pamoja, bega kwa bega.

Bwana Filimbi alitabasamu. "Nyie mna kazi kubwa zaidi, mama zangu. Nyie ni wa kushangilia. Timu bila mashabiki ni nini?"

"Na tukichoka kushangilia?" somo akauliza.

"Mtakaa. Viti vipo."

Wakakaa. Na ukweli usemwe, kulikuwa na raha yake. Kulikuwa na matarumbeta, kulikuwa na chai ya bure, na baada ya wiki nzima ya kumezwa na mashine, ilikuwa faraja kuketi jukwaani na kupiga kelele mpaka koo likauke. Jumamosi ikawa ndiyo siku. Watu walihesabu siku za juma kuielekea.

Nanga hakuchukua muda kujulikana. Timu ya kusokota ilizipiga idara zote, na kiwanda kikateua wanane wake bora wakavute na viwanda vya miji mingine. Nanga akatolewa kwenye mashine akawekwa langoni, kazi ya kufungua na kufunga tu, ili asijichoshe. Akapewa maziwa na mayai ya kula peke yake. Asubuhi kabla ya zamu walikokota toroli lililojaa marobota ya katani, wanane kwa pamoja, huku Bwana Filimbi akipuliza: vuta, shika, vuta, shika. Mama Pacha alikuwa akiwaona dirishani anapoingia kazini. Kwa mbali walionekana kama mashine nyingine iliyotolewa nje.

Nyumbani mumewe alianza kubadilika. Alikula upande wake, chakula chake. Watoto wa jirani wakimkimbilia awabebe, aliwaondoa taratibu kama mtu anayetoa nguo kwenye miiba. "Bega," alisema. "Bwana Filimbi amekataza." Usiku alijinyoosha kitandani, mikono juu ya shuka, viganja vimefunguliwa kama vya mtu anayesubiri kukabidhiwa kitu.

"Zamani ulikuwa unakoroma," mkewe alimwambia. "Siku hizi hata kukoroma umeacha."

"Napumzika."

"Unapumzika kama unafanya kazi."

Akageukia ukutani.

Kulikuwa na Jumamosi moja ambayo Mama Pacha hakuisahau. Walikuwa wanavuta na kiwanda cha matofali, na mtu mmoja wa matofali bega lilimtoka. Uwanja mzima ulisikia sauti ya mfupa. Yule mtu hakuachia, au hakuweza kuachia; alivutwa akiwa anapiga mayowe na mkono umekaa vibaya, na timu yake ikavuka mstari juu yake. Mama Pacha alikuwa amesimama juu ya ubao, ngumi hewani, anapiga kelele pamoja na wengine. Ni pale matarumbeta yaliponyamaza ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe, na neno alilokuwa akilisema.

Lilikuwa "Mmalize!"

Akakaa. Somo alikuwa bado anashangilia, machozi ya furaha yanamtoka. Mama Pacha alijitazama mikono kama iliyoshika kitu kichafu. Kisha, kwa kuwa kila mtu alikuwa amesimama na yeye haoni kitu, akasimama tena.

Mwaka ule kiwanda kilileta mashine mpya, na mashine hiyo haikula katani. Ilitoa kamba nyeupe, nyembamba, laini kama iliyopakwa mafuta, na ilisemekana inaweza kukokota lori lililozama kwenye matope. Wakubwa walitaka ionekane. Ukapangwa mchezo na kiwanda cha ng'ambo ya mto, mkubwa kuliko yote iliyotangulia, na kamba ya kuvutia ingekuwa hiyo nyeupe.

Siku chache kabla ya mchezo, Nanga alirudi kutoka mazoezini akakaa kwenye kigoda cha jikoni, mahali ambapo zamani alikuwa akikaa kumchokoza mkewe akipika.

"Ile kamba haisemi," alisema.

"Haisemi nini?"

"Haisemi kitu. Ya katani unaishika, unaijua inawaza nini. Hii unaivuta, inarefuka. Unavuta tena, inarefuka. Halafu inakaa kimya. Nahisi kama imeweka kitu ndani, inangoja." Alicheka kidogo, kicheko cha aibu. "Na Bwana Filimbi anataka niizungushe kiunoni, nifunge kitanzi, isiteleze."

Mama Pacha aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Acha, baba pacha. Mwambie unaumwa."

"Nimwambie naumwa nini?"

"Tumbo, kichwa, chochote. Wanaume wenzako hawajawahi kuumwa?"

"Nikiacha narudi kwenye vumbi. Umesahau nilivyokuwa nikikohoa?" Alitazama viganja vyake. "Halafu, mke wangu, nikuambie kweli. Nikisikia uwanja mzima unaita jina langu, sijui... Ni kama wote wananishika mkono. Siwezi kuacha hilo."

Mama Pacha alikuwa hajawahi kumsikia akisema maneno hayo, na yalimtisha kuliko habari za kamba.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alipiga moyo konde akamfuata Bwana Filimbi. Alimkuta akipangusa filimbi yake kwa leso.

"Bwana msimamizi, naomba mume wangu asifungwe kitanzi."

"Amekutuma?"

"Hajui kama nimekuja."

Bwana Filimbi alifikiri, kweli alifikiri, uso wake ulionyesha. "Mama Pacha, ng'ambo wote wanafunga. Mtu wa mwisho asipofunga, wanane wetu wamekuwa saba na nusu. Kamba hii imejaribiwa. Usikitie kitumbua chenu mchanga. Mchezo ni mchezo."

"Zamani ulikuwa mchezo."

"Na sasa ni nini?"

King'ora kikalia, na miguu ya Mama Pacha ikageuka yenyewe kurudi kwenye mashine.

Siku ya mchezo mji ulihamia uwanjani. Watu wa ng'ambo walifika kwa malori, wakajaza upande mzima wa jukwaa. Ndani palipojaa, lango la bati likafungwa kwa komeo kwa nje ili walioachwa wasivamie. Mama Pacha alisikia komeo likiingia, akageuka kutazama, lakini somo akamvuta gauni.

"Kaa, dada, unatuziba."

Timu zikaingia. Mbele upande wao alikuwa mpakiaji mizigo mmoja mwenye shingo ndefu, waliyemwita Twiga, kijana mcheshi aliyewapungia watu kwa mikono yote miwili. Mkiani, Nanga. Aliizungusha kamba kiunoni, akafunga kitanzi, hakutazama jukwaani.

Filimbi ikalia.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Zamani wangekwisha kucheka, wangekwisha kumwita shemeji, mtu angepeleka maji. Sasa wanaume kumi na sita walilala nyuma, shingo zimetoka mishipa, hawaendi mbele hawarudi nyuma, na katikati yao ile kamba nyeupe ilizidi kuwa nyembamba. Haikuguna. Haikumenyeka. Mama Pacha aliinua shingo akasikiliza, na katika kelele zile zote alisikia kimya chake.

"Vuta!" uwanja ulipiga kelele. "Vuta! Vuta!"

"Wapumzike," alisema. Hakuna aliyemsikia. "Waambieni wapumzike! Somo, waambie!"

"Vuta!" somo alipiga kelele, macho yametoka.

Mlio ulikuwa kama wa risasi. Watu wengi waliokuwapo walisema baadaye kwamba hawakuiona kamba ikikatika. Waliona tu timu zote mbili zimelala chini. Kwa hiyo walishangilia. Upande huu ulidhani umeshinda, na upande wa ng'ambo nao ukadhani umeshinda, na matarumbeta yalianza kupigwa, na kofia zikarushwa juu, na Twiga alikuwa amelala chali kwenye mstari wa chokaa, shingo yake ndefu imepigwa na ncha ya kamba iliyorudi, na hakuinuka tena.

Mama Pacha hakushangilia. Alikuwa ameshashuka, anawakanyaga watu miguu, mabega, mapaja. Aliruka chini, akavuka chokaa. Wanaume sita walikuwa wameanguka juu ya mumewe, na kitanzi kilikuwa kimembana kiunoni. Aliwavuta mmoja mmoja kwa kola za jezi. Alipomfikia, Nanga alikuwa na fahamu zake zote.

"Mbona wanashangilia?" aliuliza. "Tumeshinda?"

Mama Pacha alijaribu kukifungua kitanzi. Fundo la kamba ile lilikuwa dogo na gumu kama kokoto, na vidole vyake, vilivyosuka kamba tangu utotoni, havikuliweza. Ilibidi waletewe kisu. Na kisu nacho kilichelewa, kwa sababu lango lilikuwa limefungwa kwa nje na wa nje, kwa zile shangwe, hawakusikia mtu akigonga.

Twiga alizikwa kwa heshima. Wakubwa walikuja, wakasema ajali haina kinga, wakasema kamba haikuwa na kasoro. Jumatatu king'ora kililia saa ileile, na Mama Pacha akaenda, kwa sababu sasa alikuwa peke yake wa kwenda. Nanga alirudishwa nyumbani kutoka kwa waganga akiwa na mikono mizima na kifua kizima, na kuanzia kiunoni kwenda chini akiwa na mwili uliokufa ganzi, kama wa mtu mwingine. Walimtandikia godoro kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha.

Kwa Jumamosi mbili uwanja ulikuwa kimya. Watu hawakujua wafanye nini. Walitembea barabarani kuanzia king'ora hadi jioni, mikono mifukoni, wakagombana kwa vitu vidogo. Mama Pacha aliona, akapata wazo. Alikwenda kwa somo yake, wakasuka katani usiku kwa usiku, na Jumapili wakabeba kamba hiyo mpaka njia panda baina ya mitaa miwili, wakailaza chini.

Watu walitoka majumbani. Walikuja wengi, wa juu na wa chini. Lakini hawakuishika. Walijipanga pande mbili za barabara, wakaacha nafasi nzuri katikati, wakasimama. Wengine walikuja na viti.

"Haya, shikeni!" Mama Pacha aliwaambia. "Shemeji, unatazama nini?"

Yule aliyeambiwa alicheka, akajikuna. "Timu ziko wapi?" mtu akauliza nyuma. "Nani mwamuzi?" mwingine akauliza. Mzee mmoja aliyewahi kuvuta mpaka meno yakamtoka alisimama na mikono nyuma, akingoja kama wengine. Mama Pacha na somo walishika ncha moja ya kamba. Ncha nyingine ilikaa vumbini. Baada ya muda watu walianza kuondoka, bila hasira, kama watu walioambiwa mchezo umeahirishwa.

Jumamosi iliyofuata uwanja ulifunguliwa, na ukajaa.

Haukupita mwaka Bwana Filimbi alifika nyumbani. Alikuwa amekonda zaidi. Alivua viatu mlangoni, akamsalimia Nanga kwa mikono miwili, akakaa, akapewa chai. Kisha akamgeukia Mama Pacha.

"Ng'ambo wameanzisha timu ya wanawake," alisema. "Wakubwa wanataka na sisi tuwe nayo. Uliwahi kuniomba nikuandike, mimi nikatabasamu tu. Nilikosea."

"Mimi sitaki tena."

"Si wewe, mama." Sauti yake ilishuka. "Ni binti zako. Nimewaona wakipakia marobota. Wamechukua nguvu za baba yao."

Pacha walikuwa mlangoni pa jikoni, wasichana wapana, wenye mabega, wameshaanza kazi kiwandani mwaka ule. Mama Pacha aliwatazama akaona kwamba habari hiyo si ngeni kwao.

"Hapana," alisema. "Bwana msimamizi, chai yako inapoa. Ukimaliza kunywa, viatu vyako viko mlangoni."

Aliinywa, akashukuru, akaondoka. Wasichana walitoa vikombe, wakavisafisha, wakalala mapema. Mama Pacha alidhani yamekwisha.

Siku moja katikati ya juma mashine yake iliharibika, akaruhusiwa kutoka kabla ya king'ora. Alipita sokoni, akafika nyumbani na kapu lake, na kabla hajagusa mlango akasikia kicheko. Alisimama. Ulikuwa muda mrefu hajakisikia kicheko hicho, kikubwa, cha tumboni, cha mtu mpana. Moyo wake uliruka kwa furaha, akasukuma mlango taratibu asikiharibu.

Nanga alikuwa ameegemezwa ukutani kwa mito, uso unang'aa kwa jasho. Mikononi alikuwa ameshika shuka la kitanda lililosokotwa likawa kama kamba. Upande wa pili wa chumba pacha walikuwa wamelala nyuma, visigino vimekita sakafuni, meno nje. Shuka lilikuwa limenyooka, halitikisiki.

"Msivute kwa mikono," alikuwa akiwaambia, na macho yake yalikuwa yanawaka kama zamani. "Mikono ni ya kushikilia tu. Kaeni chini kidogo. Hapo. Hapo! Sasa sikilizeni miguu."

Hawakumwona. Mama Pacha alifungua mdomo kusema, kisha akautazama uso wa mumewe. Alibaki pale mlangoni na kapu mkononi, huku wasichana wakirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, na baba yao akiteleza kutoka kwenye mito kuwafuata, akicheka, akiwaambia wasiachie.